Injini ya Mfuko Mdogo

Kabla magari hayajaanza kushindana, viwanja vilikuwa tayari. Kaunti nyingi za Marekani zilikuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo, na nyuma ya mabanda ya ng'ombe palikuwa na njia ya udongo ya mviringo, ya nusu maili au maili nzima, iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi. Tarehe 7 Septemba 1896 magari machache yalipelekwa kwenye njia ya namna hiyo huko Narragansett Park, jimbo la Rhode Island, yashindane mbele ya watu waliokuja kutazama maonyesho. Lililoshinda lilikuwa la umeme, kazi ya kampuni ya Riker. Injini ya petroli ilianza maisha yake ya udongoni kwa kushindwa.

Haikushindwa kwa muda mrefu. Waandaaji wa maonyesho waligundua kuwa mkulima aliyekwisha kuona farasi wakikimbia maisha yake yote angelipa kiingilio kuona mashine zikifukuzana kwenye vumbi lile lile. Mwaka 1915 kikaundwa chama cha IMCA, kikisukumwa na mwandaaji maarufu wa mbio hizo, J. Alex Sloan. Kikawa kinazunguka na mbio kutoka maonyesho hadi maonyesho katika majimbo ya katikati ya nchi. Watazamaji walikuwepo na viwanja vilikuwepo. Kilichokosekana ni magari ambayo mtu asiye tajiri angeweza kuyamudu, kwa maana gari la mbio la wakati ule lilitengenezwa moja moja, kwa mkono, kwa fedha za watu wenye viwanda.

Udongo wenyewe ulimsaidia maskini. Jioni, uwanja ukiwa umetoka kumwagiwa maji, mfinyanzi unashika tairi barabara. Kadiri magari yanavyozunguka ndivyo unavyokauka na kung'aa, na hapo dereva mwenye nguvu nyingi anaanza kuhangaika: akikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Injini inayofaa ni ile inayovuta vizuri tangu mzunguko wa chini, pale gari linapotoka kwenye kona, bila kuishtua tairi. Lakini udongo huo huo una adhabu zake. Gari linalokata kushoto tu, duru baada ya duru, linaisukuma oili yote upande wa kulia wa sampu, lile karai la oili chini ya injini. Pampu ikinyonya hewa badala ya oili kwa sekunde chache, beringi zinaungua. Rejeta inazibwa na matope yanayorushwa na gari la mbele. Vumbi linalopenya kwenye kabureta linasugua ringi na kuta za silinda kama jivu linavyosugua sufuria. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la fundi wa udongoni lilikuwa na sehemu mbili zinazovutana: injini iwe rahisi kununua, na iwe ngumu kufa.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Henry Ford, ambaye hakuwa na nia ya kulitoa. Ford Model T ilitoka mwaka 1908 ikiwa na silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu za farasi 20. Kwa macho ya mtu wa mbio ilikuwa injini dhaifu. Vali zake zilikaa ubavuni mwa silinda, kranki yake nyembamba ilishikwa na beringi tatu tu, na pampu ya oili haikuwepo kabisa. Flaiwili iliizoa oili chini na kuirusha huku na huko. Sifa yake moja ilikuwa wingi. Hadi mwaka 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15, na katikati ya miaka ya 1920 gari jipya liliuzwa kwa chini ya dola 300. Lililochakaa lilipatikana shambani kwa mtu yeyote, likiwa limeegeshwa nyuma ya zizi.

Palipo na chuma cha bei ya chini kwa wingi namna hiyo, hutokea mtu wa kukiuzia kipuri. Joe Jagersberger, dereva mzaliwa wa Austria aliyepoteza mguu katika ajali ya mbio mwaka 1911, alitengeneza silinda hedi za Rajo mjini Racine, Wisconsin. Wenzake wakubwa katika biashara hiyo walikuwa Louis na Arthur Chevrolet. Kisa cha Louis ni cha ajabu kidogo. Mwaka 1911 yeye na William Durant walianzisha kampuni ya magari iliyobeba jina lake. Wakakosana, Louis akaondoka, jina likabaki. Akaanza upya na ndugu zake kwa jina la Frontenac. Mdogo wao Gaston alishinda mbio za Indianapolis 500 mwaka 1920, na mwaka huo huo akafa mashindanoni Beverly Hills. Mpango wao wa kutengeneza magari ya kifahari ulipowafia mikononi, ndugu wawili waliobaki waligeukia kitu kidogo chenye soko: silinda hedi yenye vali juu, ya kufungwa kwenye bloku ya Ford T. Hivyo mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye magari ya mshindani mkubwa wa Ford alijipatia riziki kwa kuzipa Ford pumzi.

Magari yaliyofungwa hedi hiyo yaliitwa Fronty-Ford, na viwanja vya maonyesho vikajaa mlio wake. Mwaka 1923 L. L. Corum alilipeleka moja Indianapolis, katikati ya mashine zilizogharimu mara nyingi zaidi ya lile lake, akamaliza wa tano. Kwa mkulima mwenye Model T bandani habari ile ilitosha kumkosesha usingizi.

Lakini angalia kilichofuata, maana kitajirudia hadi mwisho wa historia hii. Hedi ya kwanza ya Fronty ilikuwa rahisi. Aliyekuwa na hedi rahisi alishindwa na mwenye hedi bora zaidi, na ndugu wa Chevrolet, kama wafanyabiashara wowote, waliitengeneza hiyo bora zaidi, kisha nyingine ya kamshafti mbili. Kranki ya Ford ikawa haihimili, ikabidi inunuliwe nyingine nene. Bila pampu injini isingedumu, kwa hiyo pampu nayo ikaongezwa. Mwisho wake mtu alikuwa na bloku ya Ford iliyozungukwa na vyuma vya bei ya dhahabu, na jirani yake mwenye Model T ya kawaida amebaki mtazamaji.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulirudisha kila kitu chini. Sasa bloku zilizotafutwa zilikuwa za Ford Model A, yenye lita 3.3 na nguvu za farasi 40, na hasa Model B ya mwaka 1932, ambayo hatimaye ilikuwa na pampu iliyopeleka oili kwa shinikizo kwenye beringi kuu. California ilikuwa na mafundi kama Ed Winfield, bwana wa kabureta na kamshafti, na George Riley, mtengenezaji wa hedi. Mwaka huo huo wa 1932 Ford alitoa injini yake ya V8 ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65, bloku nzima ikiwa imemiminwa kwa mkupuo mmoja, jambo lililoifanya iwe nafuu kuliko V8 yoyote ya kabla yake. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: njia za moshi zilipita ndani ya bloku kati ya silinda, hivyo joto lililopaswa kutoka lilibaki humo humo na kuchemsha maji. Mafundi wa udongoni waliishi na ugonjwa huo kwa miaka ishirini. Hakuna aliyeupenda, ila gari lenye V8 lilikuwepo kwenye kila uwanja wa vyuma chakavu.

Upande wa pili wa mji, kama tuseme, kulikuwa na Offenhauser. Harry Miller wa Los Angeles alikuwa msanii wa injini za mbio, na mchoraji wake Leo Goossen alizigeuza ndoto zake kuwa michoro. Miller alifilisika mwaka 1933, na msimamizi wa karakana yake, Fred Offenhauser, akaiendeleza kazi. Injini ya Offy ilikuwa na silinda nne, kamshafti mbili juu, na silinda hedi iliyomiminwa pamoja na silinda zenyewe, kwa hiyo hakuna gasketi ya hedi ya kupasuka. Asili yake ilikuwa injini ya Miller ya boti za mbio. Ilikuwa imara kupita kiasi, na ikatawala Indianapolis na viwanja vya udongo kwa miongo mitatu. Tukiuliza tu ni injini ipi iliyokuwa ya kuaminika, tungeishia hapa. Ila hakuna karani wa benki wala mwenye duka la nyama aliyeweza kuinunua kirahisi.

Katika mbio za magari madogo, yaliyopata umaarufu California tangu mwaka 1933, tofauti hiyo ilionekana wazi. Mwenye fedha alikuja na Offy ndogo ya lita 1.6. Asiye nazo alifunga V8 ndogo ya Ford ya lita 2.2 na farasi 60, ambayo kwenye magari ya kawaida wateja waliilalamikia kuwa mvivu. Kwenye njia fupi yenye udongo mkavu, ambako nguvu nyingi huzungusha tairi bure, yule wa Ford aliweza kumsumbua yule wa Offy. Hakumshinda mara nyingi, lakini alimsumbua kiasi cha watu kulipa kiingilio wiki ijayo.

Vita vikasimamisha mbio zote nchini mwaka 1942. Mbio ziliporuhusiwa tena mwaka 1945, vijana waliorudi kutoka jeshini walikuwa wamejifunza umakanika kwa gharama ya serikali, na magari ya miaka ya 1930 yalikuwa yakitupwa. Huko kusini, kwenye vilima vya North Carolina na Georgia, kulikuwa na shule nyingine ya injini: usafirishaji wa pombe haramu. Gari la kubeba gongo usiku lilihitaji kumkimbia polisi, na lilihitaji kufika. Lililoharibika njiani lilimpeleka dereva gerezani. Sidhani kama kiwanda chochote cha majaribio kingeweza kuweka mtihani mkali zaidi wa uimara.

Mbio ya kwanza ya chama cha NASCAR ya magari ya dukani, tarehe 19 Juni 1949, ilifanyika kwenye udongo, Charlotte. Aliyetangulia mstarini alikuwa Glenn Dunaway kwa Ford ya mwaka 1947. Wakaguzi walipochungulia chini wakakuta springi za nyuma zimefanyiwa ufundi, ule ule wa wabeba pombe, wakamnyang'anya ushindi na kumpa Jim Roper aliyekuja na Lincoln. Tangu siku ile kanuni na ujanja vimekuwa vikikimbizana kama magari yenyewe. NASCAR yenyewe ililiacha vumbi baadaye. Mbio yake ya ngazi ya juu kwenye udongo iliyofanyika Raleigh tarehe 30 Septemba 1970, akashinda Richard Petty, ilikuwa ya mwisho kwa miaka hamsini. Viwanja vya wilayani havikuondoka popote.

Injini iliyovilisha viwanja hivyo ilitoka vuli ya mwaka 1954, kwenye magari ya Chevrolet ya 1955. Mhandisi mkuu Ed Cole alitaka V8 nyepesi na ya gharama ndogo kwa gari la familia. Kuta za bloku zikamiminwa nyembamba. Roka za vali, badala ya kuchongwa na kupangwa kwenye mhimili mmoja mzito, zikawa vipande vya bati vilivyogongwa kwa mashine, kila kimoja kimeshikwa na nati yake. Injini nzima ya lita 4.3 ikawa na uzito mdogo kuliko ile ya silinda sita iliyokuwa ikitumiwa kabla yake, na ikatoa nguvu za farasi 162 katika hali yake ya kawaida. Kile kilichofanywa ili kuokoa senti kilileta faida ya mbio: roka nyepesi zinaruhusu injini izunguke kwa kasi bila vali kuelea, yaani kushindwa kufunga kwa wakati. Mwaka 1955 Herb Thomas alishinda mbio za Southern 500 ya Darlington kwa Chevrolet iliyoandaliwa na Smokey Yunick, fundi mkorofi wa Daytona Beach.

Sifa kubwa zaidi ya injini hii haikuonekana mara moja. General Motors iliendelea kuikuza bila kuibadilisha mifupa: inchi 283 za ujazo, 327, halafu mwaka 1967 ile ya 350, lita 5.7. Umbali kati ya silinda ulibaki inchi 4.4. Maana yake hedi za mwaka mmoja mara nyingi zilikaa kwenye bloku ya mwaka mwingine, na sampu, manifodi na distribyuta vivyo hivyo. Ile 350 ilifungwa kwenye magari ya familia, teksi, magari ya polisi, pikapu na malori madogo kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndugu wa Chevrolet walikwisha kufa, Louis mwaka 1941 na Arthur mwaka 1946, wala hawakupata hata senti ya haya.

Sasa fundi wa kijijini aliweza kutengeneza injini ya mbio kwa akili. Alianzia skrepa, akitafuta bloku ya 350, ikiwezekana ya pikapu, kwa sababu baadhi ya hizo beringi zake kuu zilikazwa kwa bolti nne badala ya mbili. Aliipima kama ina nyufa, akaitoboa silinda inchi 0.030 zaidi ili kuondoa ulemavu wa uzee, akaisafisha njia za oili hadi mwisho. Kranki ya kiwandani ilitosha baada ya kung'arishwa. Alichonga vali, akaweka springi mpya na kamshafti ya wastani, yenye kuvuta chini badala ya kupiga kelele juu. Kabureta ilikuwa mara nyingi Holley ya midomo miwili, kwa sababu madaraja mengi ya mbio yaliilazimisha hiyo ili kuzibana pumzi injini zote kwa usawa.

Fedha kidogo aliyobakiwa nayo, fundi mwenye busara hakuiweka kwenye nguvu. Aliinunulia bolti za konrodi. Kipande hicho kidogo, kinachokaza konrodi kwenye kranki, ndicho kinachobeba mvuto wote pale pistoni inapogeuza mwendo. Kikikatika kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, konrodi inatokea ubavuni mwa bloku na hakuna cha kuokoa. Baada ya bolti, sampu: iliyopanuliwa ubavuni na kuwekewa vizuizi na vilango ndani, ili oili isikimbilie kulia ikabaki huko. Baada ya sampu, rejeta kubwa yenye wavu mbele na chujio safi ya hewa kila usiku wa mbio. Rahisi ni ghali, wanasema watu, na kwa bolti ya zamani iliyorudishwa kwenye injini ya mbio usemi huo ni wa kihasibu kabisa.

Injini ya namna hiyo ilimaliza msimu. Na kwa kuwa bingwa wa uwanja hupatikana kwa kukusanya pointi za wiki hadi wiki, kumaliza kulikuwa na thamani kuliko watu wa nje walivyodhani.

Halafu fedha zikaja tena. Miaka ya 1970 zawadi zilipanda. Uwanja wa Eldora, Ohio, ulianzisha mbio za World 100 mwaka 1971, na mwaka 1978 Ted Johnson akaunda mfululizo wa mbio wa World of Outlaws kwa ajili ya magari mepesi ya mbio yanayoitwa sprint. Bloku za chuma zikapisha za aluminiamu, kranki na konrodi zikafuliwa badala ya kumiminwa, sampu ikatolewa kabisa na oili ikahifadhiwa kwenye tangi la pembeni. Injini za ngazi hiyo zilifika makumi ya maelfu ya dola, na bado zilifunguliwa kila baada ya mbio kadhaa. Umbo lilikuwa bado la Chevrolet ya Ed Cole, ila hapakuwa tena na kipande kimoja kilichotoka kwenye gari la familia.

Aliyekuja na dawa hakuwa mhandisi. Keith Knaack alikuwa mchapishaji wa gazeti la mbio mjini Vinton, Iowa. Aliinunua IMCA, iliyokuwa imedhoofika, na mwaka 1979 akaanzisha daraja jipya la magari lililoitwa modified. Kanuni yake muhimu aliichukua kutoka kwa wale wale waliokuwa na viwanja hivi kabla ya magari, watu wa farasi. Katika mbio fulani za farasi kila mnyama ana bei iliyotangazwa, na yeyote mwenye sifa anaweza kumnunua kwa bei hiyo. Kwa hiyo hakuna mjinga atakayemwingiza farasi wa thamani kubwa. Knaack aliifanya injini kuwa farasi. Mbio zikiisha, mshindani aliyestahili aliweza kuidai injini ya aliyemshinda kwa bei ndogo iliyowekwa na chama. Aliyekataa kuuza alipoteza zawadi na pointi.

Naiona kanuni hii kuwa ya busara kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika mchezo huu, kwa sababu haikumkataza fundi chochote. Kwa kanuni hii ungeweza kutumia ulichotaka, mradi ulikuwa tayari kukipoteza usiku ule ule. Fundi aliyejua kupata nguvu kutoka chuma cha kawaida aliuza injini akatengeneza nyingine kwa gharama hiyo hiyo, akashinda tena. Ilikuwa na kasoro: marafiki walikubaliana kutodaiana, na wengine walidai kwa kisasi tu. Hata hivyo daraja hilo lilienea majimbo mengi, na tangu 1983 lina mashindano yake makuu, Super Nationals, ambayo siku hizi hufanyika Boone, Iowa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 General Motors yenyewe ikaingia sokoni na dawa ya aina nyingine: injini iliyofungwa kiwandani, mpya, ndani ya kreti. Mbili ndizo zilizotia fora, zikijulikana kwa tarakimu za mwisho za namba zao za spea. Ile 602 ina hedi za chuma na nguvu za farasi 350. Ile 604 ina hedi za aluminiamu na nguvu 400. Zote ni za inchi 350. Hedi, manifodi, sampu na kifuniko cha mbele vimekazwa kwa bolti maalumu ambazo vichwa vyake hukatika zinapokazwa, ili asiyeruhusiwa asiweze kufungua bila kuacha alama. Dola elfu chache, unaifunga, unaongeza oili, unaenda uwanjani. Viwanja vya kusini vilivyokuwa vikikimbiwa na washindani vilipata magari tena, na baadaye hata IMCA ikazikubali injini hizo.

Kwa mfuko, zilifanya kazi. Kwa fundi, ni habari nyingine: karakana nyingi ndogo zilizoishi kwa kutoboa bloku na kuchonga vali zilipoteza wateja, na kijana anayeanza leo anaweza kushindana miaka mitano bila kuiona kranki yake. Ujanja nao haukufa. Bolti za bandia zilipatikana upesi, ndipo baadhi ya vyama vikaweka lakiri zake vyenyewe na kuteua mafundi maalumu wa kuzifungua injini hizo. Na kwa kuwa injini sasa zinalingana, fedha zilizokatazwa kuingia humo zimehamia kwenye shokapu zinazochongwa kwa mahitaji ya kila uwanja, na kwenye tairi, ambazo wengine huzilowesha kemikali ili zilainike, na ambazo wakaguzi sasa hukata vipande na kuvipeleka maabara.